Mjusi Kafiri, Mjusi wa Tendaguru na Majina Tunayowapa Wengine



Katika juma hili tumeona vema tumtafakari kiumbe mdogo ambaye hakuna nyumba asimoingia, iwe ya udongo au ya matofali, yaani mjusi. Huenda baadhi yenu mkajiuliza mjusi ana nini cha kumfundisha Mkristo. Twajibu kwamba historia ya neno ni historia ya watu waliolitamka, na majina aliyopewa mjusi yanatueleza mengi juu yetu sisi tuliompa kuliko juu yake yeye.

Tuanze na neno lenyewe. Mjusi, kwa wingi mijusi, ni neno lililovaa kiambishi kile kile tunachokisikia katika mti na miti, mto na mito. Ila kwa kuwa ni kiumbe hai, twasema mjusi ameanguka, wala hatusemi umeanguka. Tusilichanganye na neno Mamajusi, tunalolisikia kila mwaka katika Sherehe ya Tokeo la Bwana. Hilo limetufikia kwa njia ya Kiarabu, nacho Kiarabu kililipokea kutoka Uajemi, ambako lilikuwa jina la makuhani wa dini ya kale ya nchi ile. Waarabu waliwaita Majusi wale wote walioshika dini hiyo, wanaosali mbele ya moto. Tutarudi kwao baadaye kidogo, kwa maana wana neno nasi.

Mijusi ni wa aina nyingi, na tunaowaona mara nyingi zaidi usiku, wakitambaa ukutani karibu na taa na kuwavizia wadudu, huitwa kwa Kiswahili mijusi kafiri. Ni wadogo, ngozi yao ni laini na yenye rangi iliyopauka, na nyayo zao hushika hata darini. Wapo wanaoamini kwamba wana sumu, lakini sivyo. Mjusi kafiri hana sumu, na mbu wengi huishia kinywani mwake. Chakula tukifunike kwa sababu ya usafi, si kwa sababu ya hofu. Lakini je, mnyama asiye na dini ameupataje ukafiri?

Jibu linapatikana katika mapokeo ya ndugu zetu Waislamu. Katika mkusanyo wa Hadithi wa Imamu Bukhari imesimuliwa kwamba Nabii Ibrahimu alipotupwa motoni na watu wake waabudu sanamu, mjusi wa namna hii aliupuliza moto ule. Kwa hiyo akahesabiwa upande wa waliomkataa Mungu. Kurani yenyewe, katika Sura ya 21, yaeleza kwamba Mungu aliuamuru moto uwe baridi na salama kwa Ibrahimu. Jina la mjusi kafiri, basi, halikutokana na matusi ya mtaani. Ni kumbukumbu ya simulizi la imani, na ufafanuzi wake tunawaachia masheikh, ambao ndio wenye kuyalinda mapokeo hayo.

Tungependa hata hivyo mjue kwamba simulizi la Abrahamu na moto halikukaa upande mmoja tu. Walimu wa Kiyahudi walilisimulia tangu kale, wakisema kwamba Nimrodi ndiye aliyemtupa Abrahamu motoni. Walilihusisha na jina la mji wa Uru alikotoka baba yetu huyo wa imani, kwa kuwa kwa Kiebrania jina hilo linasikika kama neno la moto au mwanga. Mtakatifu Yeronimo, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini kati ya mwisho wa karne ya 4 na mwanzo wa karne ya 5, aliyafahamu mapokeo hayo na kuyaandika katika maelezo yake ya Kitabu cha Mwanzo. Tena, katika Nehemia sura ya 9 aya ya 7, pale tunaposoma kwamba Mungu alimtoa Abramu katika Uru ya Wakaldayo, Biblia ya Kilatini ilisema kwamba alimtoa katika moto wa Wakaldayo. Kwa karne nyingi, basi, Kanisa letu lilisali kwa maneno yanayogusa simulizi lile lile ambalo jirani yetu Mwislamu analikumbuka amwonapo mjusi ukutani. Baba ni mmoja, na kumbe hata moto ni mmoja.

Sasa tuliangalie neno kafiri. Ni la Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kufunika; kafiri ni yule aliyeufunika ukweli, aliyezificha neema alizopewa. Kutoka mzizi huo Kiswahili kimepata pia kufuru na, jambo la kushangaza, kafara, yaani sadaka ya kufunika au kuondoa kosa. Katika Kurani, Sura ya 57 aya ya 20, wafasiri wengi hulisoma neno la mzizi huo kwa maana ya wakulima, kwa sababu mkulima huifunika mbegu kwa udongo. Kwa maana hiyo ya kale, kila mmoja wetu aliyepanda mkorosho amewahi kufanya kazi iliyo ndani ya neno hili! Lugha ya Kiebrania, iliyo ndugu wa Kiarabu, ina mzizi unaolingana nao: ndimo lilimotoka jina la Siku ya Upatanisho, na jina la kile kifuniko cha Sanduku la Agano, kiti cha rehema, ambacho kuhani mkuu alikinyunyizia damu mara moja kwa mwaka. Na Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 3 aya ya 25, anamwita Kristo kwa neno lile lile ambalo Biblia ya Kigiriki ilikiita kifuniko hicho. Tazameni basi jinsi maneno haya mawili, moja la kumhukumu mtu na jingine la kumkomboa, yalivyokaa chini ya paa moja.

Lakini historia ya pwani yetu inaonyesha kwamba watu walipenda zaidi lile la kuhukumu. Kwa sheria ya Kiislamu, Mwislamu aliyezaliwa huru hakuruhusiwa kufanywa mtumwa. Kwa sababu hiyo, katika vinywa vya wafanyabiashara wasio na huruma, jina la kafiri liligeuka kuwa kibali: mtu wa bara akishaitwa hivyo, alionekana ni halali kukamatwa. Misafara iliwatoa watu pande za Ziwa Nyasa, miongoni mwao Wayao, Wamakua na wengineo, ikawateremsha hadi Kilwa Kivinje na Mikindani, mwendo mfupi kutoka hapa tulipo. Mikindani ndiyo bandari alikoanzia David Livingstone mwaka 1866 safari yake ya mwisho ya kuelekea bara, na barua alizoandika katika safari hiyo juu ya mateso ya watumwa ziliamsha dhamiri za wengi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873.

Tusije tukawanyoshea wengine kidole na kujisahau. Mwaka 1452 Papa Nikolao wa Tano, kwa hati iitwayo Dum Diversas, alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatiisha Waislamu na wapagani na kuwatia utumwani. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice, aliyetoka katika taifa lililojiita binti mkubwa wa Kanisa, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Na neno letu mpagani, tunalolitamka kwa wepesi hata katika mahubiri, latoka katika Kilatini, ambako kwanza lilimaanisha mtu wa kijijini tu, mtu wa shamba. Wakristo wa mijini ndio waliolifanya kuwa jina la asiyemjua Mungu. Hivyo pwani ilimwita mtu wa bara kafiri, nayo Ulaya ikamwita mpagani, na mtu yule yule akafungwa minyororo kwa majina mawili. Mwaka 2023 Vatikano ilikana rasmi lile lililoitwa fundisho la ugunduzi, ambalo hati za namna hiyo zilitumiwa kulihalalisha, na kukiri kwamba hati hizo hazikuakisi ipasavyo hadhi sawa ya watu wa asili. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 570.

Turudi kwa mjusi wetu, tumwone sasa huko Roma. Warumi walimwita mjusi wa ukutani stellio, jina linalohusishwa na nyota kwa sababu ya madoa ya mgongoni mwake. Mwandishi Plinio, wa karne ya kwanza baada ya Kristo, aliandika kwamba mjusi huyo akijivua ngozi huila mara moja ili binadamu asiipate, kwa maana iliaminika kuwa ni dawa ya kifafa. Ni kweli kwamba mijusi wa jamii hii hula ngozi waliyoivua, lakini hufanya hivyo kwa ajili ya lishe, wala hawana kinyongo na wagonjwa wetu. Hata hivyo sifa ya ulaghai ilikwisha kumganda. Wanasheria wa Roma wakalitunga kutokana na jina lake neno stellionatus, yaani kosa la udanganyifu lisilokuwa na jina jingine katika sheria, kwa mfano kuweka rehani kwa mtu wa pili mali ambayo tayari imewekwa kwa wa kwanza. Mtu alidanganya, na mjusi akabeba jina la kosa.

Maandiko Matakatifu yanamtaja mjusi kwa namna mbili. Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 11, mijusi wamo katika orodha ya viumbe najisi. Mzoga wa mmoja wao ukiangukia ndani ya chombo cha udongo, chombo kile hakina budi kuvunjwa. Lakini fungueni Mithali sura ya 30, kuanzia aya ya 24. Hapo mwenye hekima anataja viumbe wanne walio wadogo duniani na bado wana akili nyingi: chungu, wibari, nzige na mjusi. Mjusi, asema, waweza kumkamata kwa mkono, naye hukaa katika majumba ya wafalme. Neno la Kiebrania lililotumika hapo halionekani mahali pengine popote katika Biblia. Wapo waliolitafsiri kuwa ni buibui; Yeronimo akachagua yule stellio wa Warumi; na Biblia zetu za Kiswahili zikamchagua mjusi. Yule ambaye Walawi wamemtoa nje ya chungu, Mithali wamemkaribisha ikulu. Hakuomba ruhusa kwa walinzi wala hakuonyesha barua ya utambulisho.

Na hapa, wapendwa, mikoa yetu ya kusini ina mjusi wake aliyeingia katika nyumba ya mfalme kwa njia ambayo mwandishi wa Mithali hakuiwazia. Mwaka 1906, wakati moshi wa vita ya Maji Maji ulikuwa haujatoweka, mhandisi wa Kijerumani Bernhard Sattler alionyeshwa mifupa mikubwa iliyogeuka mawe katika kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 wataalamu kutoka Berlin, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, waliichimba. Waliochimba kwa mikono walikuwa watu wa kwetu, na katika msimu mmoja idadi yao ilifika mamia. Mizigo ilichukuliwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na jumla yake ilizidi tani 200. Mwaka 1937 mnyama mkubwa kuliko wote waliopatikana alisimamishwa mjini Berlin, na kimo chake ni zaidi ya mita 13. Watanzania wengi humwita kwa urahisi mjusi wa Tendaguru, na suala la kurudishwa kwake, au la nchi kunufaika naye, limejadiliwa hata Bungeni.

Jina la mjusi hapa tena si letu peke yetu. Mwaka 1842 Mwingereza Richard Owen aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki akapata dinosaria, yaani mjusi wa kutisha. Elimu ya leo inafundisha kwamba wanyama hao hawakuwa mijusi hata kidogo. Ndugu zao wa karibu ni mamba na ndege, na jogoo anayetuamsha alfajiri ana undugu na yule wa Berlin kuliko mjusi aliye ukutani. Lakini jina likishatoka kinywani ni vigumu kulirudisha.

Tuyachunguze majina waliyopewa wanyama hao mmoja mmoja. Yule mkubwa alipewa jina la Branca, mkurugenzi wa jumba la makumbusho la Berlin. Mwingine akapewa jina la Lettow-Vorbeck, jemadari wa jeshi la Kijerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, aliyepigana Mahiwa, jirani na Nyangao, mwezi Oktoba 1917, kisha akavuka Ruvuma mwezi uliofuata, akiwa na wapagazi ambao wengi wao hawakurudi nyumbani. Mchimbaji wa Lindi hakutajwa, wala mpagazi hakutajwa. Ilipita karibu karne nzima kabla ya kosa hilo kuanza kurekebishwa. Mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji na fundi mkuu wa kuiandaa mifupa. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, yaani mkia wa Wamwera, kwa heshima ya kabila la Wamwera na ya Mohammadi Keranje, aliyeongoza uchimbaji wa mifupa ya mnyama huyo. Kiswahili nacho kimeingia katika vitabu vya wataalamu: Asilisaurus kongwe wa bonde la Ruhuhu mwaka 2010, Shingopana wa Songwe mwaka 2017, na Mnyamawamtuka moyowamkia mwaka 2019.

Mtauliza, jina lina faida gani kwa marehemu? Kwake pengine hakuna, kwa kuwa Mungu alimjua kwa jina tangu tumboni mwa mama yake. Faida ni yetu sisi tulio hai. Mjukuu anayesoma kwamba babu yake alikuwa fundi mkuu hutembea tofauti na yule aliyeambiwa kwamba babu yake alikuwa mbeba mizigo tu.

Ni wakati sasa wa kufika mahali ambapo habari hizi zote zinakutana, napo ni Matendo ya Mitume sura ya 10. Petro alikuwa Yafa, juu ya dari, akisali, naye akaona njaa. Akaona shuka kubwa ikiteremshwa kutoka mbinguni, na ndani yake wamo wanyama wa kila namna pamoja na watambaao wa nchi. Kwa Myahudi mcha Mungu, hao watambaao ndio wale wa Walawi sura ya 11, na mjusi ni mmoja wao. Sauti ikamwambia achinje ale. Naye akakataa, kwa kuwa hajapata kamwe kula kilicho najisi. Mara tatu sauti ikamfundisha kwamba kilichotakaswa na Mungu, yeye asikiite najisi. Petro alibaki akiwaza maana yake, hata watu waliotumwa na Kornelio, akida wa Kirumi, walipobisha hodi mlangoni. Alipofika Kaisaria na kuingia katika nyumba ya mtu wa Mataifa, ndipo alipokiri kwamba Mungu amemwonyesha asimwite mtu yeyote najisi.

Angalieni alivyoelewa. Maono yalikuwa ya watambaao, lakini Petro alitambua kwamba jambo lenyewe ni watu. Na Mamajusi wale tuliowaacha mwanzoni je? Kwa hesabu za wengi walikuwa watu wa dini ya kigeni, wa kuitwa makafiri au wapagani. Lakini Mwinjili Mathayo anatuonyesha kwamba walifika Bethlehemu na kumsujudia Mtoto, wakati wakuu wa makuhani na waandishi wa Yerusalemu, waliojua aya na sura, walibaki mjini.

Sisi tulioko Mtwara tunaishi na jambo hili kila siku. Katika ukoo mmoja yupo Maria na yupo Mwanahamisi. Msiba ukitokea, jeneza la mmoja hubebwa na mabega ya wote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitufundisha kwamba Kanisa linawaangalia Waislamu kwa heshima, nao wakimwabudu Mungu mmoja na wakijitahidi kujikabidhi kwake kama Abrahamu. Lakini bado yanasikika visimani, vijiweni na wakati mwingine hata katika jumuiya zetu ndogo ndogo maneno ya kafiri, mpagani, mshenzi, mchawi. Neno mchawi, hasa, mzee akishaitwa hivyo kijijini, usingizi wake umekwisha, na pengine uhai wake. Kama jina la kafiri lilivyotosha zamani kumfikisha mtu Mikindani akiwa amefungwa, ndivyo jina la mchawi linavyoweza leo kumfikisha bibi kizee kaburini. Hatusemi haya kuwatisha. Twasema kwa sababu ulimi wa Mkristo unaoupokea Mwili wa Bwana siku ya Dominika hauwezi siku ya Jumatatu kuwa panga.

Basi katika juma hili tunawaalika kwa tendo moja dogo. Kila mmoja amtafute moyoni mwake mtu ambaye amezoea kumwita kwa jina la kudharau, hata kama ni faraghani, na aanze kumwita kwa jina lake halisi. Na watoto wafundishwe kumwacha mjusi ukutani aendelee na kazi yake. Papa Fransisko alitukumbusha katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015 kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu. Moto wa Ibrahimu ulikwisha kupoa zamani sana, wala mjusi wa Naliendele hana deni nao.

Tuombe: Ee Mungu, uliyemleta Adamu wanyama wote awape majina, uyatakase majina tunayowapa viumbe wako na wenzetu, ili siku ile utakapotuita kila mmoja kwa jina lake, tusione haya mbele yako. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tunawatakieni nyote Dominika njema na juma lenye baraka.